Nitrati na nitriti katika chakula na maji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaouliza kuhusu nitrati huja kwa milango miwili. Wa kwanza wamesikia kwamba juisi ya bitiruti hushusha presha, wa pili wamesikia kwamba nitrati huleta saratani. Kila upande umeshika kipande cha ukweli. Kinachowachanganya ni kwamba kemikali inayosifiwa na kemikali inayolaumiwa ni ileile. Tofauti iko katika kitu kinachoibeba, kinachoambatana nayo, na mwili wa mtu anayeipokea.

Nitrati ni nini, na nitriti ni nini?

Zote mbili ni muungano wa nitrojeni na oksijeni. Nitrati ina atomu moja ya nitrojeni na tatu za oksijeni, nitriti ina moja na mbili. Ukiiondolea nitriti oksijeni moja zaidi unapata gesi iitwayo oksidi ya nitriki. Mambo karibu yote yaliyomo katika ukurasa huu yanahusu safari hiyo ya kushuka kutoka tatu hadi moja, na mahali inapopotokea njiani.

Nitrati yenyewe ni tulivu, haina haraka ya kugusana na kitu. Nitriti ndiyo yenye shughuli: hubadilisha damu, huua bakteria, na huungana na vipande vya protini.

Tunaipata wapi?

Kwa watu wengi takriban asilimia 80 ya nitrati ya chakula hutoka kwenye mboga. Mmea huinyonya kutoka ardhini ili utengeneze protini, na ile ambayo haijatumika hubaki kwenye majani na mashina. Kwa hiyo spinachi, saladi ya majani, rukola, figili, seleri na mchicha huwa na nyingi. Bitiruti ni mzizi, lakini nayo imo katika kundi hilo. Mboga zilizo kileleni huweza kupita miligramu 250 katika gramu 100, ilhali nyanya, vitunguu, njegere, pilipili hoho na viazi kwa kawaida hazifiki 20.

Namba hizi huyumba sana. Mmea huhitaji mwanga ili kuitumia nitrati yake, hivyo mboga iliyokua kivulini, au iliyopewa mbolea nyingi ya nitrojeni, hubaki na akiba kubwa kuliko iliyokua juani. Mafungu mawili ya spinachi yanayofanana kwa macho huweza kutofautiana mara kadhaa. Ukiona orodha inayotaja namba moja kamili kwa kila mboga, ichukulie kama makadirio.

Maji ya kunywa ni chanzo cha pili, na nyama za kusindikwa ni cha tatu. Mwili nao hutengeneza nitrati yake. Mwaka 1916 mwanasayansi wa Marekani H. H. Mitchell alionyesha kwamba binadamu hutoa nitrati nyingi kwenye mkojo kuliko anayoila. Ilichukua miongo mingi kujua inakotoka: ni mabaki ya oksidi ya nitriki ambayo mishipa ya damu na chembe za kinga huitengeneza mchana na usiku.

Ikishaingia mwilini hufanya nini?

Nitrati uliyoimeza hufyonzwa kwenye utumbo mdogo na kuingia katika damu. Sehemu kubwa hutoka kwa mkojo. Lakini takriban robo yake huvutwa na tezi za mate, ambazo huikusanya mpaka mate yanakuwa na nitrati mara kumi au zaidi ya ile iliyo kwenye damu. Mwili hautumii nguvu kukusanya kitu usichokitaka.

Mate hayo humwagika mdomoni, na huko nyuma ya ulimi, katika vijishimo vidogo, wanaishi bakteria wa jamii kama Veillonella, Rothia na Actinomyces. Chembe zetu wenyewe haziwezi kuigeuza nitrati kuwa nitriti kwa kiasi cha maana, bakteria hao ndio wanaotufanyia kazi hiyo. Mwisho wake, takriban asilimia 5 hadi 7 ya nitrati yote uliyokula inakuwa nitriti. Nitriti nyingi anayoipata mtu asiyekula nyama za kusindikwa haikutoka sahanini, ilitoka kwenye mate yake.

Unapomeza mate, asidi ya tumboni huigeuza sehemu ya nitriti hiyo kuwa oksidi ya nitriki. Jambo hili lilionyeshwa mwaka 1994 na makundi mawili ya watafiti yaliyofanya kazi kila moja kivyake, moja Sweden na jingine Uingereza. Nitriti inayobaki hupenya katika damu, na pale oksijeni inapopungua, kama kwenye msuli unaofanya kazi nzito, nayo hugeuzwa kuwa oksidi ya nitriki.

Umuhimu wa gesi hiyo ni kwamba hulegeza kuta za mishipa ya damu ili damu ipite. Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1998 kwa ugunduzi wa kazi yake. Mwili una njia nyingine ya kuitengeneza, kutoka kwenye asidi ya amino iitwayo arginini, lakini njia hiyo hudhoofika kadiri umri unavyosonga na mishipa inavyougua. Ile inayoanzia kwenye mboga na mate ni njia ya akiba.

Basi dawa ya kusukutua mdomo ina madhara?

Ile inayoua bakteria, hasa yenye klorheksidini, hukata safari hiyo katikati. Watu waliopewa nitrati kisha wakasukutua kwa dawa ya aina hiyo, nitriti kwenye mate na damu yao haikupanda kama ilivyotarajiwa. Zimo pia tafiti zilizoona presha ikipanda kidogo kwa watu wazima waliosukutua kila siku kwa wiki moja tu.

Kama daktari wa meno amekuandikia kwa ugonjwa wa fizi, itumie kwa siku alizotaja. Kuisukutua kila siku kwa ajili ya harufu ya mdomo tu, bila kuambiwa na mtu, ni tabia ambayo mimi ningeiacha. Kupiga mswaki kwa dawa ya kawaida hakuna tatizo.

Ni kweli bitiruti hushusha presha?

Ni kweli, kwa kiasi. Mwaka 2008 watafiti wa London waliwapa watu wenye afya nusu lita ya juisi ya bitiruti, na baada ya saa 2.5 hadi 3 namba ya juu ya presha ilikuwa imeshuka kwa takriban milimita 10 za zebaki. Kisha wakarudia, safari hii wakiwaambia wateme mate yote badala ya kuyameza. Presha haikushuka. Nalipenda jaribio hilo kwa sababu lilijibu kwa njia rahisi kabisa swali la nani anafanya kazi.

Mwaka 2015 kundi hilohilo la London lilichapisha matokeo ya wagonjwa wa presha waliokunywa mililita 250 kila siku kwa wiki nne. Namba ya juu ilishuka kwa takriban 8, na ya chini kwa takriban 5. Walipoacha, ndani ya wiki mbili presha ilirudi ilikokuwa. Kwa hiyo ni chakula kinachosaidia kwa muda ule unaokila. Usiache dawa za presha kwa sababu ya bitiruti, na ukianza kunywa juisi hiyo kila siku mwambie anayekutibu, kwani dozi yako huenda ikahitaji kuangaliwa upya.

Huhitaji kununua kitu maalumu. Huko Denmark watu zaidi ya 50,000 walifuatiliwa kwa miaka 23. Waliokula zaidi nitrati ya mboga walipata magonjwa ya moyo na mishipa kwa uchache, takriban asilimia 15, na faida ilifika kilele kwenye miligramu 60 kwa siku. Hicho ni kikombe kimoja cha majani mabichi. Utafiti wa kufuatilia watu hauwezi kuthibitisha kwamba nitrati peke yake ndiyo chanzo, maana wala mboga hutofautiana na wengine kwa mengi, lakini unakubaliana na yaliyoonekana maabara.

Wanariadha wanainywea nini?

Msuli unafanya kazi ileile kwa oksijeni kidogo zaidi. Hilo liliripotiwa Sweden mwaka 2007, na likawashangaza wataalamu wa mazoezi kwa sababu gharama ya oksijeni ilidhaniwa haibadiliki. Mwaka 2009 huko Exeter, Uingereza, vijana waliokunywa juisi ya bitiruti kwa siku sita walistahimili baiskeli ya kasi kali kwa muda mrefu zaidi, takriban asilimia 16, kabla ya kuchoka kabisa. Asilimia 16 ya muda wa kuchoka si asilimia 16 ya mbio: kwenye mashindano halisi faida ni ndogo sana kuliko hapo.

Jopo la Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki liliitaja nitrati mwaka 2018 miongoni mwa virutubisho vichache vyenye ushahidi mzuri, kwa kiasi cha miligramu 310 hadi 560, saa 2 au 3 kabla ya mashindano. Wanaofaidika zaidi ni watu wa mazoezi ya kawaida. Wanariadha wa kiwango cha juu kabisa wa masafa marefu mara nyingi hawaoni tofauti.

Tahadhari moja ambayo siichoki kuirudia: tumia mboga au juisi, usinunue chumvi ya nitriti. Kijiko kimoja cha nitriti ya sodiamu kilichodhaniwa kuwa chumvi ya mezani kinatosha kuua mtu mzima.

Na saratani je?

Nitriti ikikutana na amini, yaani vipande vinavyotokana na protini, hasa kwenye asidi au kwenye moto mkali, huweza kuungana nazo na kuzaa nitrosamini. Mwaka 1956 watafiti Magee na Barnes walionyesha Uingereza kwamba nitrosamini moja ilisababisha uvimbe wa saratani kwenye maini ya panya, na tangu hapo nyingi za jamii hiyo zimeonekana kufanya hivyo kwa wanyama.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilichapisha mwaka 2010 uamuzi kwamba nitrati au nitriti inayoliwa katika hali zinazoruhusu nitrosamini na ndugu zake kutengenezeka mwilini huenda inasababisha saratani kwa binadamu. Isome sentensi hiyo polepole. Hawakusema nitrati popote ilipo. Walisema *katika hali zinazoruhusu*.

Hali hizo ni zipi? Mboga huja na vitamini C na viambata vya mimea ambavyo huidaka nitriti kabla haijafika kwa amini na kuisukuma iwe oksidi ya nitriki. Nyama iliyosindikwa huja na mambo yaliyo kinyume: amini tele, madini ya chuma yaliyomo katika rangi nyekundu ya nyama, ambayo huchochea muungano huo utumboni, na mara nyingi kikaango cha moto. Mwaka 2015 shirika hilohilo liliweka nyama za kusindikwa katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Makadirio yake ni kwamba kila gramu 50 zinazoliwa kila siku huongeza uwezekano wa saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18.

Asilimia hizo ni za nyongeza juu ya uwezekano uliokuwepo. Kama watu 50 kati ya 1,000 wangepata ugonjwa huo maishani, ulaji wa kila siku ungewafanya wawe takriban 59. Ni wengi nikiwafikiria mmojammoja, lakini si hukumu kwa aliyekula soseji kwenye sherehe. Pia, nyama hizi kuwekwa kundi moja na tumbaku kunaeleza uhakika wa ushahidi, hakumaanishi madhara yanalingana.

Mbona watengenezaji wa nyama hawaiachi nitriti tu, kama inaleta shida?

Kwa sababu ya bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Hustawi mahali pasipo na hewa, kama ndani ya soseji, na sumu yake hupooza misuli mpaka ile ya kupumulia. Nitriti humzuia. Rangi ya waridi na ladha tunayoitambua kwenye bekoni ni mazao ya pembeni ya kazi hiyo, ingawa kwa mauzo rangi ndiyo inayopendwa zaidi.

Viwango vinaweza kushushwa, na vinashushwa. Umoja wa Ulaya ulipitisha viwango vikali zaidi mwaka 2023. Viwandani huongezwa pia askobati, ambayo ni ndugu wa vitamini C, ili kupunguza nitrosamini.

Pakiti inasema "haikuongezwa nitriti". Ni salama zaidi?

Geuza pakiti usome viambato. Ukikuta unga au dondoo ya seleri, nitriti imo. Seleri ina nitrati nyingi, bakteria huigeuza kiwandani kuwa nitriti, kisha unga huo unatiwa kwenye nyama. Ni nitriti ileile, katika nyama ileile, inayokwenda kwenye kikaango kilekile. Maneno hayo huwalaghai watu wanaojitahidi kulinda familia zao, na hilo linaniudhi.

Kuna kiwango kisichopaswa kuzidishwa kwa siku?

Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilithibitisha mwaka 2017 miligramu 3.7 za nitrati kwa kila kilo ya uzito wa mwili, na 0.07 za nitriti. Mtu wa kilo 60 anapata miligramu 222 za nitrati kwa siku. Bakuli moja la spinachi lenye gramu 100 laweza kumvusha hapo.

Usiliogope bakuli hilo. Kiwango hicho kilitokana na majaribio ya wanyama waliopewa chumvi tupu ya nitrati, kisha kikagawanywa ili kuacha nafasi kubwa ya usalama. Mlo wa mboga nyingi ambao madaktari huwashauri wagonjwa wa presha hukivuka mara kadhaa, na hao ndio ambao presha yao hushuka. Kiwango cha nitriti, nacho ningekiheshimu, kwa sababu wanaokifikia kwa kawaida wamefika kupitia nyama za kusindikwa. Watoto hufika haraka zaidi kwa kuwa ni wepesi.

Maji ya kisima yana hatari gani?

Kwa mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa ya kopo, hatari ni kubwa na huja upesi. Mwaka 1945 daktari Hunter Comly aliandika kuhusu watoto wachanga wa Iowa, Marekani, waliogeuka rangi ya bluu baada ya kunyweshwa maziwa yaliyokorogwa kwa maji ya visima. Visima hivyo vilikuwa na nitrati nyingi mno.

Nitriti huibadilisha hemoglobini, inayobeba oksijeni katika damu, ikawa methemoglobini ambayo haiwezi kubeba oksijeni. Mtu mzima ana kimeng'enya cha kurekebisha. Mtoto wa chini ya miezi sita bado ana kidogo sana, hemoglobini yake hubadilika kwa urahisi zaidi, na tumbo lake halina asidi ya kutosha kuzuia bakteria wanaozalisha nitriti. Akiwa na kuhara, mambo huwa mabaya zaidi. Midomo na kucha huwa na rangi ya bluu au kijivu, analegea, anahema haraka. Damu yake ikichukuliwa huwa ya kahawia kama chokoleti. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo na useme alikunywa maji ya wapi. Dawa ipo, inaitwa methilini bluu, na hufanya kazi haraka. Kama katika familia kuna upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, lazima waambiwe, kwani dawa hiyo inaweza kuwadhuru wenye hali hiyo.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za nitrati kwa lita na 3 za nitriti. Nitrati haina rangi, harufu wala ladha, hivyo kipimo pekee ndicho kitakachokujulisha. Kisima kifupi kilicho karibu na shamba la mbolea, zizi au shimo la choo kipimwe kwanza, na kipimwe tena baada ya mvua.

Kwa watu wazima swali bado liko wazi. Utafiti mkubwa wa Denmark uliochapishwa mwaka 2018, uliohusisha watu milioni 2.7, uliona saratani ya utumbo mpana ikiongezeka hata kwenye maji yaliyo chini kabisa ya kikomo hicho. Maji hayaji na vitamini C kama mboga.

Nikiyachemsha maji, nitrati inaondoka?

Hapana. Inaongezeka.

Kuchemsha huua vijidudu, na ndiyo maana mzazi mwangalifu huchemsha. Lakini maji yanapogeuka mvuke nitrati hubaki sufuriani, kwa hiyo yaliyobaki yana nyingi zaidi kwa kila lita. Kadiri anavyochemsha kwa muda mrefu ili amlinde mtoto ndivyo anavyoikoleza. Kama ni jambo moja tu mtu atalichukua kutoka kwenye ukurasa huu, natamani liwe hili. Klorini haiiondoi, wala chujio la mkaa la kawaida. Kinachoiondoa ni mtambo wa osmosi kinyume, wa kubadilisha ioni, au kukeneka maji. Bila hivyo, mtoto wa kopo apate maji ya chanzo kingine kilichopimwa. Anayenyonya amekingwa vizuri: nitrati anayokunywa mama haifiki kwenye maziwa yake kwa wingi.

Mtoto aanze lini kula spinachi na bitiruti?

Miezi sita, anapoanza vyakula vingine, ni wakati mzuri, kwa kiasi kidogo na zikiwa zimepikwa siku hiyohiyo. Usimpe kiporo cha mboga iliyosagwa kilichokaa nje. Mboga ikishasagwa, bakteria hupata njia ya kuifikia nitrati na kuigeuza nitriti. Ukitaka kuweka akiba, igandishe mara tu inapopoa. Na maji yaliyochemshia mboga usiyatumie kukorogea uji wake, kwa sababu nitrati nyingi imehamia humo.

Mtu mzima anaweza kula kiporo cha spinachi kilichohifadhiwa kwenye friji bila wasiwasi. Akitaka nitrati kwa ajili ya presha, ale mbichi au iliyopikwa kwa mvuke, au anywe na mchuzi wake.

Natumia dawa za moyo zenye jina "nitrati". Niache mboga?

Usiache. Nitrogliserini na wenzake ni viunganishi vingine vyenye nguvu kubwa; daktari wa Uingereza William Murrell aliandika kuhusu kuitumia nitrogliserini kwa maumivu ya kifua tangu mwaka 1879. Dawa hizo hazichanganywi na sildenafili (dawa ya nguvu za kiume) na za jamii yake, kwa sababu presha huweza kuporomoka ghafla. Katazo hilo halihusu sahani ya majani, ila juisi ya bitiruti ya kila siku ijadili na daktari.

Nimekula bitiruti na mkojo umekuwa mwekundu. Ni damu?

Mara nyingi ni rangi ya bitiruti yenyewe, na hupotea ndani ya siku moja au mbili. Ikiendelea baada ya hapo, au ikija na maumivu, pima. Waliowahi kupata mawe ya figo wapunguze bitiruti na spinachi, kwa kuwa zote mbili zina oksaleti nyingi, kiambata kinachojenga mawe hayo. Rukola na saladi ya majani zina nitrati bila mzigo huo.